Tetemeko halikuja kumhukumu jirani yetu

Jioni moja, wiki chache zilizopita, tulipokwisha kuswali Magharibi nyumbani kwetu hapa Bukoba, binti yangu anayesoma darasa la tatu aliniletea daftari lake nimsaidie kazi ya shule. Alikuwa amechora ramani ya Afrika Mashariki na kupitisha juu yake mistari miwili ya kalamu nyekundu, kutoka kaskazini hadi kusini. Akanieleza kuwa hiyo ndiyo mikono miwili ya Bonde la Ufa. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtoto anayeuliza jambo la kawaida: "Baba, ni kweli yule kaka wa nyumba ya jirani aliangukiwa na ukuta kwa sababu kwao kulikuwa na dhambi?"

Nikamwuliza nani amemwambia hayo. Akajibu kuwa ni wenzake wa madrasa, na wao wameambiwa nyumbani kwao. Nilimwambia nitamjibu kesho, nikatoka nje nikakaa barazani peke yangu. Binti yangu hakuwa amezaliwa siku ile. Lakini maneno aliyonirudishia nilikuwa nikiyafahamu vizuri, kwa sababu aliyeyasema kwanza ni mimi.

Ndugu msomaji, ilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, siku chache kabla ya Idi el-Hajj, yapata saa tisa na nusu za alasiri. Nilikuwa ndani ya msikiti nikipanga misahafu kwenye rafu. Kwanza nilisikia mngurumo kama wa lori lililojaa mawe likipanda mlima, kisha sakafu ikasogea chini ya miguu yangu. Vumbi likashuka kutoka darini, na ukuta wa upande wa kibla ukapasuka kuanzia pembe ya dirisha hadi karibu na jamvi. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko wa kusoma Alhamdu. Baadaye tulielezwa kuwa kipimo cha tetemeko lile kilikuwa 5.9, na kwamba lilianzia kwenye kina cha takriban kilomita 40 chini ya ardhi. Mkoani kwetu walifariki watu wasiopungua 17, mamia wakajeruhiwa, na maelfu ya nyumba zikaanguka au kupata nyufa.

Mtaani kwetu nyumba nyingi zilipasuka, ila iliyolala chini kabisa ilikuwa moja, nyumba ya mama mmoja mjane. Mwanawe wa miaka kumi na minne alikuwa amelala chumba cha nyuma. Tulimtoa chini ya matofali sisi wenyewe, kwa mikono, na tulimzika kesho yake.

Ijumaa iliyofuata nilipewa nafasi ya kutoa nasaha baada ya swala. Nilikuwa na umri wa miaka 25, nimemaliza chuo mwaka mmoja tu nyuma, na watu walikuwa wameanza kuniita Ustadh. Msikiti ulijaa hadi uani. Nikasema kuwa Mwenyezi Mungu haangushi nyumba bila sababu, na kwamba kila ambaye nyumba yake imelala chini ajiulize ni kitu gani kilikuwa kikifanyika ndani yake. Sikutaja jina la mtu, wala haikuhitajika. Watu wakaanza kukumbuka mambo: kwamba yule mama aliwahi kumpangisha chumba kijana mmoja mlevi, kwamba hakuonekana sana kwenye shughuli za mtaa. Yeye mwenyewe aliacha kuhudhuria darasa la kina mama. Sikumfuata kumwuliza sababu. Miaka ilipita, nikawa katibu wa kamati ya msikiti, nikasahau. Watu hawakusahau.

Usiku ule, pale barazani, nilikumbuka mambo mawili niliyofundishwa chuoni na ambayo yangenitosha siku ile kama ningeyakumbuka kabla ya kufungua kinywa. La kwanza ni kwamba Ibrahim, mtoto wa Mtume wetu (SAW), alipofariki, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Mtume, naye akiwa katika huzuni ya kuzika mwanawe, aliwakataza kusema hivyo, akawafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu na havipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu yeyote. La pili ni kwamba aliyefariki kwa kuangukiwa na jengo ametajwa miongoni mwa mashahidi. Nilifanya mtihani wa somo hilo na nilifaulu. Kisha nikasimama mbele ya watu na kumfanya shahidi aonekane mtuhumiwa.

Kesho yake, baada ya swala ya Alasiri, nilimchukua binti yangu tukaenda kwa mzee mmoja wa mtaani, mwalimu mstaafu wa jiografia. Nilitaka ajibiwe na anayejua kilichotokea chini ya ardhi, na nilitaka kusikia mimi mwenyewe. Tulimkuta uani, jikoni kuna sufuria ya maziwa. Nikamweleza swali la mtoto. Hakunitazama kwa lawama, ingawa alikuwapo msikitini siku ile ya Ijumaa. Alimwita mtoto karibu na jiko.

"Mjukuu wangu," alisema, "tazama utando huu juu ya maziwa. Unaonekana umetulia, sivyo? Subiri moto upande."

Maziwa yalipopata moto, utando ule ulianza kusogea. Mahali yalipopanda kutoka chini ulitanuka na kuchanika. Kandoni mwa sufuria ulisukumwa ukajikunja makunyanzi. Mzee akaeleza kuwa gamba la dunia limegawanyika vivyo hivyo, katika vipande vikubwa vipatavyo saba na vidogo vingi, ambavyo wataalamu huviita mabamba. Unene wa bamba ni kama kilomita 100. Chini yake kuna mwamba wenye joto kali mno kiasi kwamba, ingawa kwa sehemu kubwa haujayeyuka, unatambaa polepole sana kwa muda wa mamilioni ya miaka. Mabamba husafiri sentimita chache kwa mwaka, karibu sawa na kasi ya kucha zetu zinavyokua. Yanapoachana, ardhi huchanika na bahari huzaliwa. Yanapogongana, ardhi hujikunja na kuinuka. Milima ya Himalaya ilitokea hivyo, bamba la India lilipoisukuma Asia, na ndiyo maana juu ya mlima Everest, wenye urefu wa mita 8,849, kuna mawe yenye mabaki ya viumbe wa baharini. Mahali yanaposuguana, mwamba hung'ang'ania mwaka baada ya mwaka hadi ushindwe kustahimili. Ukiachia ghafla, hilo ndilo tetemeko.

Nikamwuliza mzee watu walijuaje. Akatutajia Alfred Wegener, Mjerumani mtaalamu wa hali ya hewa, ambaye mwaka 1912 alisema hadharani kuwa mabara yalikuwa pamoja kisha yakaachana. Aliona jinsi pwani ya Brazili inavyolingana na pwani ya Afrika Magharibi, na jinsi mawe na mabaki ya wanyama wa kale wa pande zote mbili yanavyofanana. Wakubwa wengi wa elimu hiyo walimdhihaki, kwa kuwa hakuweza kueleza ni nguvu gani inayosukuma bara zima. Alifia kwenye barafu ya Greenland mwaka 1930 bila kukubaliwa. Ni katika miaka ya 1960, baada ya sakafu za bahari kupimwa na kuchorwa ramani, ndipo ilipodhihirika kuwa bara linasafiri kweli.

Kisha mzee akalichukua daftari la binti yangu, akaweka kidole kati ya ile mistari miwili myekundu. "Sisi tupo hapa," akasema.

Bara letu linachanika. Mkono wa mashariki wa ufa unapita Kenya na kuingia kaskazini mwa Tanzania. Mkono wa magharibi unapita kwenye maziwa ya Albert, Edward, Kivu, Tanganyika na Rukwa hadi Nyasa. Kasi yake ni milimita chache tu kwa mwaka, lakini imefanya kazi kwa mamilioni ya miaka. Ziwa Tanganyika limekaa ndani ya ufa huo, na kina chake kinafika mita 1,470. Ni la pili duniani kwa kina, likitanguliwa na Ziwa Baikal la Urusi, ambalo nalo limo ndani ya ufa. Kilimanjaro na Ol Doinyo Lengai ni volkano zilizozaliwa na kuchanika huko huko.

Na ziwa letu hili tunalooshea vyombo na kuvulia sangara na dagaa? Hapo mzee alinifundisha jambo ambalo sikupata kulisikia, ingawa nimezaliwa na kukulia kando ya maji haya. Ziwa Viktoria halimo ndani ya ufa. Limelala katikati ya mikono yake miwili kama maji kwenye sahani. Kina chake hakizidi sana mita 80. Zamani, mito kama Kagera na Katonga ilitiririka kuelekea magharibi. Ufa ulipoendelea kufunguka, kingo zake za upande wa magharibi ziliinuka, mito ikakosa njia, ikageuka na kurudi mashariki, na maji yakatuama. Wataalamu wanakadiria kuwa hayo yalitokea takriban miaka 400,000 iliyopita. Bila ardhi kuinuka na kutikisika, Bukoba isingekuwa na ziwa wala samaki, wala mvua nyingi inayoletwa na ziwa hili na kuilisha migomba yetu. Nguvu iliyomwangusha mtoto wa jirani yetu ndiyo iliyotuwekea sahani hii ya maji mbele ya mlango.

Binti yangu akauliza kama ufa unafika Makka. Mzee akacheka, akamsifu kwa swali zuri. Ukitoka kwetu ukapanda kaskazini kupitia Kenya na Ethiopia, ufa huo unakutana na Bahari ya Shamu, ambayo nayo ni ufa uliokwisha kujaa maji ya bahari. Bamba la Arabia linaachana na Afrika kwa kiasi cha sentimita moja au moja na nusu kwa mwaka. Kwa hiyo hujaji wa leo anayevuka kutoka Afrika kwenda Jidda anavuka bahari iliyo pana kuliko ile aliyoivuka babu yake, ijapokuwa tofauti yenyewe ni chini ya mita moja.

Lakini Arabia haisogei mahali patupu. Upande wa kaskazini inaisukuma Uturuki. Tarehe 6 Februari 2023 mwamba ulioshikilia msukumo huo uliachia kwa tetemeko la kipimo cha 7.8, na nchini Uturuki na Syria wakafariki watu zaidi ya 50,000. Watu walikutwa vitandani kabla ya Alfajiri, wengi wao Waislamu, miongoni mwao watoto wachanga na wazee waliohifadhi Qur'ani. Nilijiuliza: yale maneno yangu ya mwaka 2016 ningethubutu kuyasema mbele ya makaburi yale? Kama singethubutu huko, nilipata wapi ujasiri wa kuyasema mbele ya kaburi moja la mtaani kwetu?

Mzee aliniongezea mfano mmoja wa mwisho. Mwaka 2010 kulikuwa na matetemeko mawili makubwa yaliyofuatana kwa wiki chache. La Haiti, tarehe 12 Januari, lilikuwa la kipimo cha 7.0 na liliua watu zaidi ya 100,000. La Chile, tarehe 27 Februari, lilikuwa la 8.8, yaani lilitoa nguvu takriban mara 500 zaidi, na waliofariki walikuwa kiasi cha 500. Ni kweli kwamba la Haiti lilikuwa karibu zaidi na mji mkuu uliosongamana watu. Lakini wataalamu wanakubaliana juu ya tofauti nyingine kubwa. Chile ilipigwa mwaka 1960 na tetemeko la 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, na ilijifunza kujenga. Haiti nyumba nyingi zilikuwa za zege dhaifu na nondo chache. "Katibu," mzee alinigeukia, "utasema watu wa Chile walikuwa wema kuliko watu wa Haiti mara mia mbili? Mimi ninasema walifunga kuta zao."

Sikatai kwamba tetemeko ni ukumbusho. Muumini akiona ardhi imetikisika na moyo wake usitikisike, ana tatizo. Lakini ukumbusho ni kwa aliyebaki hai. Aliyefariki amekwisha kwenda kwa Mola wake, na hesabu yake haimo kwenye daftari la kamati ya msikiti. Kosa langu lilikuwa kuuchukua ukumbusho uliokuja kwangu na kuufanya hukumu juu ya mwenzangu.

Siku ya tatu nilikwenda kwa yule mama. Anaishi sasa kwenye vyumba viwili alivyojengewa na ndugu zake. Nilibisha hodi, akanikaribisha, akanipa kigoda. Nilikuwa nimeandaa maneno, yakanipotea. Nikamwambia tu: "Shikamoo, mama. Nilisema neno baya juu ya nyumba yako, na nimekaa miaka yote hii bila kuja. Naomba unisamehe."

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema: "Marahaba, mwanangu. Mtoto wangu hakufa kwa dhambi. Alikufa kwa ukuta. Fundi aliniambia nyumba inataka lenta, nikamjibu fedha imekwisha, tukaezeka hivyo hivyo. Hilo ndilo ninalolilia mimi usiku. Ninyi mlinipa la pili la kulilia."

Nilipokuwa ninaaga, alinisindikiza hadi njiani, akanionyesha msikiti wetu kwa kidole. Alikuwa amesikia, kama mtaa mzima, kuwa tunachangisha fedha za mnara. "Na huo mnara wenu," akauliza, "utasimama juu ya kuta zipi? Zile zile zenye ufa?"

Sikuwa na jibu. Ufa wa ukuta wa kibla tuliuziba kwa saruji mwaka ule ule, tukapaka rangi, tukauita umepona. Kuta hazina lenta, yaani ule mkanda wa zege na nondo unaozunguka jengo lote juu ya milango na madirisha na kuzishika kuta zisiachane. Jengo likitikiswa bila mkanda huo, kila ukuta huenda njia yake. Na chini ya kuta hizo ndipo watoto wetu wanapokaa kila alasiri kusoma madrasa, binti yangu akiwa mmoja wao.

Kikao cha kamati kilikuwa kirefu. Mweka hazina alisema, na alikuwa na haki ya kusema, kwamba waumini wametoa fedha kwa nia ya mnara, na amana haibadilishwi kimya kimya. Mwenyekiti akauliza kama tetemeko litarudi. Nilisema hakuna anayejua siku wala saa, lakini ufa uliolileta bado unafunguka, na ukuta uliopasuka mara moja haujapata nguvu mpya kwa kupakwa rangi. Tulikubaliana tuwarudie waumini wenyewe. Ijumaa iliyofuata nilisimama mahali pale pale niliposimama mwaka 2016. Kwanza niliyakanusha maneno yangu ya siku ile, wazi, mbele ya watu wazima na watoto wa madrasa, nikawasimulia habari ya Ibrahim na kupatwa kwa jua. Kisha nikaomba idhini ya wachangiaji: kila anayeridhia fedha yake ihamie kwenye lenta abaki, na asiyeridhia arudishiwe. Waliorudishiwa ni wawili. Mnara utasubiri.

Fundi ameanza kazi. Kila jioni binti yangu hupita kuhesabu nondo, na amemwuliza fundi maswali hadi mzee wa watu amechoka. Swali lake la kwanza nimekwisha kumjibu. Nilimwambia: yule kaka hakuwa na kosa, wala nyumba yao haikuwa na dhambi kuliko yetu. Ardhi inasogea kwa amri ya Aliyeiumba, nasi tumeamrishwa kujenga vizuri na kusema vizuri, na baba yako alishindwa la pili.

Ndugu msomaji, kama unaishi mahali panapotikisika, na nchi yetu ina mahali pengi pa namna hiyo, usingoje. Ita fundi mwaminifu akuonyeshe kama nyumba yako, msikiti wako na madrasa ya wanao vina lenta. Waambie watoto kwamba ardhi ikitikisika wajikinge chini ya meza imara, wakae mbali na madirisha, na wakiwa nje wajitenge na kuta. Na jirani yako akipatwa na msiba, mpelekee chakula kabla hujapeleka maneno.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliofukiwa na kuta zao, hapa na kila mahali, na atusamehe sisi tuliobaki. Amin.